Naomba ushauri: bei ya umeme wa kupikia itadumu, au tukishatupa sigiri watapandisha?

Mama_Kireka: Habari zenu jamani. Serikali ya Uganda imeahidi kwamba kufikia 2030 gesijoto (moshi unaoongeza joto duniani) zitapungua kwa asilimia 24.7, na sisi tunahimizwa tuache makaa tupikie umeme. Wakati huohuo bomba la mafuta la kilomita 1,443 linajengwa kutoka Hoima hadi Tanga. Nashindwa kuamini. Nimeazima jiko la presha la umeme, lita 6, wati 1,000. Kilo ya maharage imekula uniti 3! Je, nimekosea kuacha makaa?

Bomba_la_Nta: Mama, shaka yako ina msingi. Asilimia 24.7 haihesabiwi kutoka kiwango cha leo. Inapimwa dhidi ya makadirio ya 2030 kama tusingefanya lolote, kwa hiyo gesi zinaweza kuongezeka na ahadi bado ikahesabiwa imetimia. Na mafuta ya Bunyoro, kule Hoima, yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba lazima lipashwe moto, nyuzi 50 hivi, njia nzima. Yakichomwa ng'ambo, moshi wake hauingii kwenye hesabu yetu. Hilo ndilo la kuwauliza wabunge.

Mti_na_Tanuri: Bomba haliivishi maharage. Tanuri la udongo linameza kilo 100 za kuni likatoa kilo 10 hadi 20 za makaa, mengine yote moshi. Amri ya rais ya 2023 ilizuia makaa ya biashara maeneo ya Acholi, Lango, Teso, Karamoja na West Nile, na magunia bado yanafika Kampala. Kila anayenunua ajue mti umetoka wapi. Tusiilaumu serikali peke yake.

Mama_Kireka: Nimewasikia, lakini niliuliza bei.

Fundi_Waya: Bei inakwenda kwa ngazi, kila mwezi, kwa kila mita. Uniti 15 za kwanza ni za nafuu kwa mita ya nyumbani, 16 hadi 80 bei ya kawaida, 81 hadi 150 bei ya punguzo ya kupikia (ilipoanza ilikuwa shilingi 412 kwa uniti), ukipita 150 unarudi juu. ERA, mamlaka inayodhibiti umeme, hupitia bei kila robo mwaka, kwa hiyo hakuna wa kukuapia kwamba itadumu.

Kalamu_Ntinda: Samahani, habari hii siiamini. Ili jiko la wati 1,000 litumie uniti 3, lazima liwake saa 3 bila kukata! Presha ikipanda linajizima lenyewe. Kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku inakula uniti 0.5 au 0.6. Ama umetunga, ama unauza makaa.

Mama_Kireka: Sijatunga. Nilisoma mita kabla ya kuwasha na baada ya kuiva. Ni mita moja, vyumba vinne, jirani ana friji na mwingine pasi. Na jiko langu mwenyewe, si hili la kuazima, nimeshalipia nusu, sigiri nimeigawa. Msiniambie nirudi nyuma, moshi chumbani na mtoto mdogo siutaki tena.

Kalamu_Ntinda: Basi niwie radhi. Hilo la mita ungelisema mwanzo.

Fundi_Waya: Hilo linabadilisha kila kitu. Vyumba vinne vinaimaliza ngazi ya kupikia mapema mwezini, kwa hiyo punguzo usiliwekee matumaini. Omba mwenye nyumba akufungie mita ndogo ya chumba chako, angalau ulipie chako tu. Kwanza pima upya: wenzako wakubali kuzima kila kitu kwa saa moja, andika salio, pika, andika tena. Maharage na maji visipite nusu ya sufuria, povu huziba vali. Na usitumie ekstensheni nyembamba.

Mama_Kireka: Nimepima jioni hii. Salio 22.4, baada ya kuiva 21.8. Ila plagi imekuwa ya moto, siwezi kuishika.

Fundi_Waya: 0.6, jiko ni zima. Usipike tena kwenye soketi hiyo. Wati 1,000 ni ampea 4 na kidogo, plagi nzima haichemki kwa mzigo huo. Ama meno ya soketi yamelegea, ama skrubu ya waya ndani haijakazwa. Breka izimwe, fundi aifungue, waya ulioungua ukatwe, soketi ibadilishwe ya ampea 13. Ifanywe kabla hujamalizia malipo.