Siti ya ngozi ya pikipiki: rangi nyeusi inachafua suruali, vanishi inapasuka

Mwenye siti:
Wakuu, nina siti ya mtu mmoja, ya springi mbili. Ngozi ni ya ng'ombe, milimita 4, imedabaghiwa (imetiwa dawa isioze) kwa tanini ya magome ya miwati. Ilipigwa rangi nyeusi ya spiriti mikono mitatu mizito siku moja, baada ya saa mbili ikafuata vanishi ya akriliki isiyochanganywa na maji, halafu mafuta juu. Sasa suruali zinatoka na weusi, vanishi inapasuka puani (ncha ya mbele ya siti) inapojikunja, na upande wa chini ambao haukupakwa rangi una madoa meusi kuzunguka ribiti. Inaokoka, au nikate ngozi nyingine?

Fundi Kingo:
Usikate, ngozi ya milimita 4 si ya kutupa. Kosa ni mpangilio. Rangi ya spiriti ikizidi, ngozi hainywi yote. Inayobaki hukauka juu kama unga, na huo ndio unaohamia kwenye suruali. Ukaufungia unga huo chini ya vanishi nzito, kwa hiyo vanishi imeshika unga, haikushika ngozi. Mafuta nayo yamekaa juu tu kwa sababu njia yalishazibwa.

Vua vanishi kwa asitoni na kitambaa cheupe, kidogo kidogo, mahali penye hewa na mbali na moto, glavu mkononi. Rangi kidogo itatoka pia, isikutishe. Iache ikauke kivulini saa 24, kisha sugua kwa kitambaa kikavu cha pamba, ubadilishe hadi kitambaa kitoke cheupe. Hatua hii ndiyo watu huikatiza, na ndiyo inayookoa suruali. Baada ya hapo paka mafuta ya kwato za ng'ombe, mkono mmoja mwepesi, na usubiri hadi kesho yake. Ukiyazidisha, ngozi inalegea na siti inabonyea katikati.

Vanishi sasa: nusu kwa nusu na maji, sponji iliyokamuliwa, mikono miwili au mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kabisa. Vanishi nene ni ganda, na ganda halijikunji.

Siki na Chuma:
Nakubaliana na mpangilio, ila kwa nyeusi kwenye ngozi ya miwati mimi situmii rangi kabisa. Chukua stiliwaya laini ya chuma kinachoshika kutu (ile isiyoshika kutu haifai), ioshe kwa sabuni ya vyombo kutoa mafuta, iloweke kwenye lita 1 ya siki nyeupe siku 7 hadi 14. Mfuniko usiukaze, inatoa gesi. Chuja kwa kitambaa. Paka ngozi chai kavu (bila maziwa) ya majani mengi iliyopoa, kisha ile siki. Chuma kinakutana na tanini, ngozi inageuka nyeusi yenyewe, na hakuna unga wa kuhamia nguoni.

Baada ya nusu saa, ua asidi kwa bikaboneti ya soda ya kupikia, kijiko 1 cha chakula kwa lita 1 ya maji, suuza, upake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Asidi ikiachwa ndani, ngozi inakauka na kuvunjika. Ngozi iliyodabaghiwa kwa kromu badala ya tanini haigeuki hivi, basi jaribu kwanza kwenye kipande. Kwa siti hii iliyokwisha kunywa spiriti umechelewa. Njia hii ihifadhi kwa siti ijayo.

Fundi Kingo:
Na hayo madoa ya chini ni kemia hiyo hiyo: ribiti ni za chuma, maji yameingia. Zitoe, weka za shaba.

Mwenye siti:
Asante sana, wakuu. Upande wa chini nao nipige vanishi?

Fundi Kingo:
Hapana. Ukiziba pande zote mbili, maji yanayopenya kwenye matundu ya ribiti hayana pa kutokea. Chini sugua nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, inatosha kuzuia matope ya tairi. Juu usiweke nta hiyo. Jua la mchana litailainisha, na utarudi kwenye suruali chafu. Kingo za ngozi zipige msasa namba 220 kisha 400, lowesha kidogo, sugua kwa kipande laini cha mti hadi zing'ae, halafu nta. Nta kwenye kingo ni lazima, maji huanzia hapo.