Leza ndogo ya CO2 bila heli: TEA au tyubu ya kioo?

leza_kla: Wakuu, nataka kuunda leza ya CO2 ya mapigo, ndogo ya kukaa mezani. Heli imenishinda bei, nitatumia CO2 na nitrojeni tu. Sasa niko njia panda: TEA (leza ambayo umeme huikatiza gesi kwa upande), elektrodi zikitazamana ubavuni, au tyubu ya kioo yenye elektrodi kila mwisho? Naagiza vioo vya leza, vya kurudisha mwanga, wiki hii.

MtuWaArua: Ya kazi gani? Mapigo mangapi kwa sekunde? Pampu ya vakuamu unayo? Hujasema kitu, ndugu.

Mwl_Fizikia: Na ajue anachokiacha. Nitrojeni hupokea nguvu ya umeme na kuipokeza CO2. Heli huiondoa CO2 kwenye ngazi ya chini ya nishati ili itumike tena, hupeleka joto ukutani, na hufanya umeme utandae bila kugeuka cheche. Kwa pigo mojamoja joto si tatizo, gesi inapoa yenyewe. Tatizo ni cheche. Mimi nasema tyubu, presha ya chini.

cheche_jinja: TEA! Mtafiti Beaulieu aliitangaza 1970 kule Kanada, inafanya kazi kwa presha ya hewa ya kawaida. Pampu ya nini?

Mwl_Fizikia: TEA nyingi hujazwa heli kuliko gesi nyingine yoyote, ssebo.

FundiKatwe: Mimi yalinikuta. Niliunda TEA, nafasi ya sentimita 2, elektrodi za alumini nilizopiga msasa usiku mbili. Kwa heli ya maputo iliwaka waridi, shwari kabisa. Heli ikaisha, nikaendelea na CO2 na nitrojeni. Pah! Cheche moja nyeupe, palepale kila mara. Nikapunguza nafasi hadi sentimita 1, bado inadai zaidi ya kV 20. Siku ya tatu kapasita ikapasuka, majirani wakatoka nje wakidhani ni transfoma ya mtaa. Elektrodi nazo zimejaa vishimo kama chapati iliyoungua. Halafu kumbe CO2 yangu, ya mtungi wa soda, ilikuwa na unyevu.

cheche_jinja: Hukuweka mwanga wa urujuanimno wa kuiandaa gesi kabla ya pigo kuu.

FundiKatwe: Niliweka! Plagi za bodaboda, sita kila upande.

cheche_jinja: Plagi za bodaboda 😂 Zilikuwa mpya?

MtuWaArua: Nitrojeni waulize wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu, wanayo ya maji. Na heli ilitangazwa kupatikana Rukwa, Tanzania, tangu 2016.

FundiKatwe: Basi tungoje lori kutoka Rukwa.

leza_kla: Samahani wakuu. Kazi ni kuweka alama kwenye ngozi na plastiki, pigo moja au mawili kwa sekunde. Pampu ni kompresa ya friji bovu.

Mwl_Fizikia: Ungeanza na hayo! Tyubu hufanya kazi kwenye kilopaskali chache, kompresa nzima huenda ikafika. Volti zitabaki makumi ya maelfu, usijidanganye. Ukitaka pigo fupi punguza nitrojeni, ndiyo inayoliongezea mkia. Na funika njia ya mwanga kwa akriliki: mwanga wa leza hii, wa urefu wa wimbi wa mikroni 10.6, huuoni, ila konea ya jicho itauona.

cheche_jinja: Kwa ngozi TEA ingechapa vizuri zaidi.

MtuWaArua: Si anunue tyubu iliyofungwa tayari, kama za mashine za kukata mbao?

FundiKatwe: Hizo zina heli ndani, mzee.

leza_kla: Sasa vioo niagize vya ukubwa gani?

FundiKatwe: Mimi nina kimoja cha germani (elementi inayopitisha mwanga wa leza hii), kina mkwaruzo kidogo pembeni. Njoo Katwe tuzungumze. Plagi nakupa bure.