Boksi jepesi la gitaa la besi kwa shoo za Dar: inchi 10, 12 au 15?

Nyuzi Tano
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa wanaojua besi. Natafuta boksi la spika jepesi la kupigia shoo.

Gitaa ni la nyuzi tano. Hedi ya amplifaya ni klasi D (zile nyepesi), imeandikwa wati 500 kwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na nyuma kuna onyo kwamba isishuke chini ya omu 4. Kazi zenyewe ni baa za wazi Sinza na Kinondoni na bendi kamili (drams, gitaa mbili, kinanda, waimbaji), halafu Jumapili kanisani, ambako besi inapita pia kwenye mitambo mikubwa. Usafiri ni bajaji. Boksi la sasa lina spika nne za inchi 10 zenye sumaku za feraiti, omu 8, na mtu mmoja halinyanyui.

Ninayowaza: spika moja ya inchi 12 omu 8, mbili za inchi 10 omu 4, au moja ya inchi 15. Kwa sasa pesa inatosha boksi moja. Na je, fundi wa hapa mjini anaweza kunitengenezea?

Mdau wa Besi
Mkuu, chukua inchi 12 ya omu 8, na hakikisha ni modeli utakayoweza kuongeza pacha wake baadaye. Boksi mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakupa omu 4, yaani hedi yako inatoa nguvu zake zote. Ukianza na boksi la omu 4 umefunga mlango: ukiongeza la pili la omu 4 unafika omu 2, na hedi itajikata au itaungua.

Usiogope kwamba kwenye omu 8 utapata kama wati 250 hadi 300 tu. Tofauti ya hapo haizidi desibeli 3, ambayo sikio linaiona kama hatua ndogo. Ukiweka boksi la pili ndipo mambo yanabadilika: unapata nguvu zaidi na eneo la koni mara mbili, jumla inafika karibu desibeli 6 kwenye besi. Kwa hiyo baa ndogo unaenda na moja, baa ya wazi unaenda na mbili, na kila moja unaibeba kwa mkono mmoja.

Dukani acha kuangalia wati kwanza. Tafuta namba ya desibeli kwa wati 1, mita 1, yaani boksi linalia kwa ukubwa gani likipewa wati 1 ukilipima kutoka mita 1. Boksi la desibeli 97 likipewa wati 150 linalia sawa na la desibeli 94 lililopewa wati 300. Ila muuzaji akikuambia boksi dogo kabisa, linashuka chini sana na lina desibeli 100, usimwamini. Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH ya Marekani, alishaliweka wazi: udogo, besi ya chini na sauti kubwa, unapata viwili, cha tatu unakiacha.

Kuhusu inchi 15, ukubwa wa koni peke yake hausemi boksi litashuka hadi wapi. Boksi lenyewe na umbali ambao koni inaweza kusafiri ndivyo vinavyoamua.

Fundi Maboksi, Temeke
Kutengeneza inawezekana, ila uzito unapotelea kwenye mbao. Chukua boksi la sm 45 kwa 40 kwa 35. Eneo lake linakaribia mita mraba 1. Kwa MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) ya mm 18 mbao peke yake ni kama kilo 13. Kwa plaiwudi nyepesi ya mm 12 ni chini ya kilo 6. Spika ya inchi 12 yenye sumaku nyepesi ya neodimiamu (“neo”) ina kilo 2 hivi, ya feraiti mara nyingi ni mara mbili ya hapo au zaidi. MDF usiiguse kabisa hapa pwani, unyevu unaivimbisha kwenye kona na skrubu zinalegea.

Mafundi wengi watakupa plaiwudi ya marini, ile ya kumwagia zege, kwa sababu ni imara. Ni nzito, na ule utando wa nje haushiki gundi wala kapeti mpaka uukwangue wote.

Plaiwudi ya mm 12 ikiachwa wazi inatetemeka na kula besi. Weka ubao wa kuunganisha kuta zinazotazamana, nyuma ya spika, uliotobolewa katikati hewa ipite. Ubao wa mbele uwe mm 15 au 18. Spika ifungwe kwa bolti na nati za meno zilizogongwa kwa ndani, kwa sababu skrubu ya mbao itatoka baada ya kuifungua mara chache. Chini ya ringi bandika sponji nyembamba.

Urefu na upana wa tundu la hewa ukokotolewe kwa vipimo vya spika yenyewe. Usinakili tundu la boksi lingine. Likiwa dogo mno utasikia hewa inafoka ukipiga E ya chini.

Ukinunua spika Kariakoo, nenda na mita ya umeme ya kupimia omu. Spika ya omu 8 inasoma kama 5.5 hadi 6.5, ya omu 4 kama 3 hadi 3.5. Nenda na mizani pia: inchi 12 iliyobandikwa “neo” ikakutwa na kilo 5, kuna uwezekano mkubwa ni feraiti.

Mitambo Jumapili
Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Kanisani boksi moja linatosha kabisa, kwa kuwa kazi yake ni wewe na mpiga drams msikie. Watu wanasikia kupitia DI, yaani kiboksi kinachopeleka besi moja kwa moja kwenye mitambo mikubwa. Lipandishe kwenye kiti imara au liinamishe litazame kichwa. Likikaa sakafuni linapigia magoti, wewe unaongeza besi, na mbele kunakuwa na ngurumo tupu.

Nyuzi tano: B ya chini ni hezi 31. Boksi dogo lenye tundu huwa limepangwa kwenye hezi 45 hadi 50, na chini ya hapo koni inakosa kizuizi cha hewa na kuruka ovyo. Washa kichujio cha kukata chini ya hezi 35 au 40 kama hedi inacho. Noti utaisikia bado, kwa sababu sehemu kubwa ya unachosikia ni hezi 62 na kupanda.

Nyuzi Tano
Asanteni sana. Kwenye baa za wazi, kabla sijapata la pili, naweza kuunganisha hiyo inchi 12 na boksi langu la zamani?

Mdau wa Besi
Kwa omu hedi itakubali, 8 na 8 ni 4. Tatizo ni mgawanyo. Kila boksi linachukua nusu ya nguvu, kwa hiyo inchi 12 yako inabeba nusu nzima peke yake, na kila spika ya inchi 10 inabeba moja ya nane. Ukipandisha sauti, inchi 12 ndiyo itakayokufa kwanza. Kama lazima, piga kwa kiasi, na ukisikia inagonga, punguza besi kwenye hedi kabla ya kugusa sauti.

Waya wa kuunganishia usiwe ule wa gitaa. Ni mwembamba ndani, unapata joto, na ukishoti unaondoka na hedi. Nunua waya wa spika wa mm mraba 1.5 au 2.5, mita 2, ufunge plagi za Speakon (plagi za spika zinazojifunga ukizizungusha) kwenye 1+ na 1−.