Mtoto ametoka malengelenge alipochorwa piko: nimtibuje, na je, bi harusi wetu apakwe?

Mama wa Wawili (Unguja)

Assalamu alaykum. Naomba ushauri kwa wanaofahamu maradhi ya ngozi. Siku ya Idi nilimruhusu binti yangu wa miaka 9 achorwe maua ya piko, ile rangi nyeusi, mkononi. Rangi ilikolea kabla ya nusu saa, na kwa siku tisa hakulalamika chochote. Siku ya kumi alianza kujikuna, kesho yake ngozi ikavimba, na sasa kila ulipopita mchoro pametoka malengelenge yenye maji, hata ua zima linaonekana limechorwa upya kwa malengelenge. Hana homa, lakini halali kwa mwasho. Jirani mmoja anasema ni jicho la watu, na mwingine amenishauri niyapasue kisha nipake dawa ya meno. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba mdogo wangu anaolewa baada ya wiki tatu na ameshaagiza piko ya mikono na miguu, akisema amepakwa mara nyingi bila kudhurika.

Muuguzi Mstaafu

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Usiyapasue, na dawa ya meno usiipake kabisa. Piko ni rangi ya kutia nywele, na kinachoifanya iwe nyeusi ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Mwili wa mwanao umeikataa. Kule kuchelewa siku tisa ndiko kunakowapotosha wengi wakatafuta sababu kwingine, lakini mwili unaokutana na kemikali hii kwa mara ya kwanza huchukua wiki moja hadi mbili kuijengea mzio, na ukishaijua, mara ya pili huitikia ndani ya siku moja mpaka tatu, tena kwa ukali zaidi.

Kwa sasa loweka kitambaa safi cha pamba katika maji ya baridi, umwekee kwa dakika 15 mara kadhaa kwa siku, mkate kucha, na ufunike mahali hapo kwa bandeji isiyogandana na kidonda. Hata hivyo, malengelenge mengi kiasi hicho kwa mtoto yanahitaji daktari, kwa sababu dawa yake hasa ni marhamu yenye nguvu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), na pengine vidonge vya prednisoloni kwa siku chache, na vyote hivyo hupimwa kwa umri na ukubwa wa eneo. Vidonge vya mzio kama setirizini hupunguza mwasho kidogo tu. Nakusihi usichukue krimu za mkorogo kwa kuwa umesikia zina steroidi, maana hujui zimechanganywa na nini kingine, wala usipake krimu ya kutia ganzi yenye benzokaini, kwani aliye na mzio wa PPD huweza kudhurika nayo pia. Ukiona usaha, homa, au wekundu unaosambaa, mpeleke siku hiyo hiyo. Akivimba midomo au kupumua kwa shida, usingoje hata dakika moja.

Mkaazi wa Tanga

Dada, nakuandikia kwa sababu mimi nililipuuza jambo hili. Nikiwa msichana nilitokwa na upele mdogo baada ya kupakwa piko, ukapona wenyewe, nami nikasahau. Miaka mingi baadaye nilianza kutia rangi mvi zangu. Siku mbili baada ya kupaka, kichwa kilitoa maji, uso ukavimba na macho yakafumba, nikalazwa. Daktari aliniuliza swali moja tu la maana: uliwahi kupakwa piko? Mzio huu hauishi. Mfundishe binti yako kuusema popote atakapokwenda kusukwa au kutibiwa, hata atakapokuwa mtu mzima. Na mdogo wako asijitegemeze kwenye zile mara alizosalimika, kwa kuwa mzio huweza kuanza baada ya kupakwa mara nyingi.

Mpaka Hina (Mombasa)

Hii ndiyo kazi yangu, na piko niliiacha. Majani ya mhina hutoa rangi ya machungwa inayogeuka kuwa kahawia iliyoiva baada ya siku mbili hivi, na hakuna mhina unaotoa weusi wa makaa kwa nusu saa. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika rangi ya nywele, na haziiruhusu kupakwa kwenye ngozi, ilhali huku kwetu unga wa piko huchanganywa kwa kukadiria kwa macho. Mwambie bi harusi apakwe hina siku mbili kabla ya harusi, ikorogwe kwa maji ya ndimu, aiache usiku kucha, aibandue bila kuosha, na asiguse maji kwa muda mrefu awezavyo. Aulize pia kilichomo, kwa sababu wapo wanaotia piko ndani ya hina ili iwahi kukolea.

Muuguzi Mstaafu

Naongeza moja kwa wenye watoto wachanga: hata hina safi wasipakwe, kwani mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, huweza kuharibikiwa na chembe hizo kwa sababu yake.

Mama wa Wawili (Unguja)

Ahsanteni sana. Tulikwenda hospitali siku ile ile, tukapewa marhamu na vidonge vya siku tano. Malengelenge yamekauka, lakini umebaki mchoro mweupe wa ua, na daktari amesema rangi ya ngozi huenda ikachukua miezi kurejea. Mdogo wangu aliutazama ule mkono kwa muda, kisha akampigia simu mchoraji wa piko kumwambia asije. Jina la kemikali nimeliandika kwa wino mwekundu kwenye daftari la kliniki la mtoto, ukurasa wa mbele.