Laptopu ya mtumba imekuwa nzito: nipige Windows upya, au tatizo ni diski?

KaraniTandahimba

Ndugu zangu wa Kusini na kwingineko, nawasalimu. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Tandahimba. Mwaka jana nilinunua mjini Mtwara laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Core i5 kizazi cha pili, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 320. Ndani yake mna majina ya wakulima wetu wote, kilo za korosho walizoleta ghalani msimu uliopita na malipo ya kila mmoja, yote yakiwa kwenye Excel.

Sasa imekuwa nzito kupita kiasi. Nikiiwasha asubuhi naweza kwenda kuteka maji, nikarudi na kukuta kile kiduara cha kusubiri bado kinazunguka. Mara kwa mara inaganda kabisa, na ukiweka sikio karibu na kibodi unasikia mlio wa "tk, tk, tk" kama mjusi ukutani.

Fundi wa jirani ameniambia nimpe shilingi 25,000 apige Windows upya, na kwamba kila kitu kitakaa sawa. Ingekuwa kompyuta ya kuangalizia mpira ningempa bila kuuliza, lakini minada ya korosho huanza Oktoba na sina nafasi ya kukosea. Je, kupiga Windows upya kutaondoa tatizo hili? Na kama ni lazima, nipige ipi, maana iliyomo ni Windows 10 na kila siku inaniandikia pembeni mwa kioo kwamba haijasajiliwa?

FundiLigula

Mkuu Karani, usipige chochote kwanza. Windows ikichoka huwa nzito, lakini haigongi. Mlio huo unatoka kwenye diski: ndani yake mna sahani zinazozunguka na kichwa cha kusomea, na kichwa kikishindwa kusoma sehemu fulani hurudi nyuma na kujaribu tena na tena, huku kompyuta nzima ikiwa imesimama kukisubiri. Ndiyo maana inaganda. Ukipiga Windows mpya juu ya diski ya namna hiyo, utafurahi wiki mbili au tatu kisha utarudi ulipokuwa, kama diski yenyewe haikufia njiani wakati wa kazi. Kumbuka pia kwamba fundi akifomati diski, majina ya wakulima yanaondoka nayo. Mafundi wengi hawaulizi, na wateja wengi hawasemi.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujazima, nakili mafaili yako kwenye flashi, kisha nakala ya pili ijitumie kwa barua pepe. Baada ya hapo tafuta flashi nyingine ya GB 8, uiandae kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima kwa programu ya Rufus ukitumia faili la Linux Mint (mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows), na uwashie laptopu yako kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha chochote. Hukutaja kampuni iliyoitengeneza: kwa Dell na Lenovo nyingi unabonyeza F12 mara tu inapowaka, kwa HP ni F9. Ikishafunguka, ingia kwenye programu iitwayo Disks na usome taarifa za SMART, yaani za afya ya diski. Kuna mstari wa Current Pending Sector, ambao huhesabu sehemu za diski zilizoshindikana kusomeka. Ukikuta hapo namba isiyo sifuri, sina haja ya kukuambia zaidi.

Dawa ni SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sahani za kuzunguka, ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, ambayo hukaa palepale ilipokuwa diski ya zamani. GB 240 zinakutosha. Ukiifunga, hata RAM ya GB 4 utaiona si mbaya kama ulivyodhani.

MwalimuNachingwea

Nakubaliana na Fundi kuhusu diski, ila swali la pili halijajibiwa. Windows 11 kwa taratibu zake haikubali mashine hiyo, kwa sababu inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na yako ni ya mwaka 2011 au karibu na hapo. Windows 10 itaendelea kuwaka, lakini muda wake wa kawaida wa kupata masasisho ya usalama ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiitumia bila intaneti si hoja kubwa. Ukiitumia kwa barua pepe na flashi za watu, ni kulala mlango wazi.

Na kama fundi atakuja na programu ya kuisajili kwa njia ya mkato, mtazame mkono wake: jambo la kwanza atakalofanya ni kuzima kinga ya virusi. Kompyuta yenye hesabu za malipo ya watu haistahili kufanyiwa hivyo.

Ningekuwa wewe ningesakinisha Linux Mint toleo la Xfce, ambalo ni jepesi na ni la bure kihalali. Mafaili ya Excel yatafunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi. Tahadhari ni moja: kama jedwali lako lina makro (amri za Excel zinazofanya kazi zenyewe), zinaweza zisifanye kazi, kwa hiyo lijaribu kwenye ile ile flashi ya majaribio kabla hujaamua. Jaribu na printa pia, kwani stakabadhi ya mkulima haisomwi kwenye kioo.

BintiMikindani

Naongeza lililonitesa mimi. Faili la Mint lina karibu GB 3, nami nililipakua kwa bando la usiku, likakatika, likaendelea, likakatika tena. Usakinishaji ukawa unafika katikati na kukwama, nikalaumu flashi, nikanunua nyingine, ikawa vilevile. Kumbe faili lenyewe lilikuwa pungufu. Tovuti yao hutoa msururu wa herufi na tarakimu uitwao SHA256. Linganisha na wa faili ulilopakua, na zikipishana hata herufi moja, pakua upya. Jihadhari pia na flashi za mitaani zilizoandikwa GB 64 kwa bei ya maandazi. Nyingine ndani hazifiki hata GB 8.

Halafu sisi tulio karibu na bahari tuna adui wa ziada, chumvi. Laptopu yangu ilikataa kuwaka kabisa mpaka nilipoichomoa betri, nikaitoa RAM na kusugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli.

KaraniTandahimba

Nashukuru sana wote. Nimerudi na majibu: Current Pending Sector ilikuwa 212. Nilinakili mafaili usiku uleule, na mawili ya mwezi Novemba yalichukua karibu saa nzima, huku diski ikigonga. SSD nimeagiza kwa kijana aliyekuwa anatoka Dar es Salaam kwa basi, nikaifunga mwenyewe kwa bisibisi ndogo ya saa, na Mint imeingia. Sasa inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Jedwali langu halina makro, na printa imekubali.

Limebaki moja. Kila tovuti ninayofungua inakataliwa, eti muunganisho si salama, ingawa intaneti ipo.

FundiLigula

Angalia saa yako, pembeni chini kulia. Inasema mwaka gani?

KaraniTandahimba

Tarehe 1 Januari 2011.

FundiLigula

Basi ni betri ndogo bapa ya ubaoni inayotunza saa, CR2032, imekwisha. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe za kuanza na kuisha, na kompyuta yako inaviona vyote kuwa vya miaka ijayo. Rekebisha saa kwa mkono uendelee na kazi, na siku ukifika mjini nunua hiyo betri. Kwenye laptopu mara nyingi huwa imevikwa plastiki na ina nyaya mbili, kwa hiyo nenda na ya zamani mkononi.