Vikapu vya Krismasi kwa kaya 60: tugawe nini, na nani aingie kwenye orodha?

Katibu wa Diakonia

Bwana Yesu asifiwe. Usharika wetu uko kijijini, mteremko wa Kilimanjaro, jumuiya 12. Kila jumuiya imeleta majina matano ya kaya zenye shida, kwa hiyo tuna kaya 60. Mfukoni kuna shilingi 2,500,000. Bei za soko letu: mchele 2,800 kwa kilo, sukari 2,800, choroko 3,000, mafuta 5,000 kwa lita, nyama ya ng'ombe 11,000.

Mpango ni kila kaya ipate mchele kilo 5, unga kilo 5, sukari kilo 2, maharage kilo 2 na mafuta lita moja, tugawe mbele ya kanisa Jumapili ya nne ya Majilio. Kuna wanaosema tuache vikapu, tupike pilau ya watu 150 tarehe 26. Vijana nao wanataka hela itumwe kwenye simu, yaishe. Wazoefu mnasemaje?

Mzee wa Kanisa

Asifiwe sana. Kabla ya mchele, orodha. Majina matano kwa kila jumuiya ni kosa, maana shida haigawanyiki kwa usawa. Jumuiya ya barabarani penye maduka itatafuta wa tano ili kujaza nafasi, ya kule korongoni itaacha watu wanne nje. Ndiyo shida ya Matendo 6: wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwahubiria walalamikaji uvumilivu, walichaguliwa watu saba wa kusimamia kazi.

Chukueni watu wawili kutoka jumuiya A wakapitie orodha ya jumuiya B, B wapitie ya C, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kiongozi hakagui majina yake mwenyewe. Kila nyumba waandike mambo matano tu: wanalala wangapi, nani anapika, jiko ni la kuni, mkaa au gesi, kuna mgonjwa wa nini, na namba ya simu inayopatikana. Dakika kumi zinatosha, na wasiahidi kitu.

Wanaoachwa mara nyingi ni hawa: mwanamume mzee anayeishi peke yake (watu hukumbuka wajane, wagane hawakumbukwi), mama mwenye mtoto mlemavu asiyeweza kuja ibadani, kibarua aliyepanga chumba na hana jumuiya, na bibi anayelea wajukuu. Huyo bibi ataondolewa kwa neno moja, "ana watoto mjini". Ulizeni ni nani alipanda basi kuja kwake Krismasi iliyopita. Nusu ya hao watoto wa mjini hawajaonekana miaka.

Kugawa mbele ya kanisa, hapana. Atakayesimamishwa pale mwaka huu, mwakani atawaambia hana shida. Peleka nyumbani, watu wawili wawili, jioni ya tarehe 21 hadi 23, bila kupiga picha. Uthibitisho ni sahihi za hao wawili kwenye daftari.

Mama Stoo

Naongezea upande wa mizigo. Msihesabu kaya, hesabuni mafungu. Bibi wa peke yake na nyumba ya watu wanane hawawezi kupata kikapu kimoja. Watu 1 hadi 3 ni fungu moja, 4 hadi 6 mafungu mawili, 7 na zaidi matatu. Fungu: mchele kilo 3, choroko kilo 1, sukari kilo 1, mafuta nusu lita. Tuseme kaya 22 zina fungu moja, 28 mawili, 10 matatu. Hayo ni mafungu 108:

mchele kilo 324 = 907,200
choroko kilo 108 = 324,000
sukari kilo 108 = 302,400
mafuta madumu 3 ya lita 20 = 300,000

Jumla 1,833,600. Mkiweka nyama kilo moja kila kaya (660,000) mnabaki na 6,400, yaani hakuna mifuko wala nauli ya bodaboda. Zile kaya 22 ndogo zipewe nusu kilo, nyama inakuwa kilo 49, shilingi 539,000, na mnabakiwa na 127,400. Hiyo msiiguse mpaka mzigo wote ufungwe.

Unga nimeutoa makusudi. Siku ya Krismasi mtu anatamani wali. Maharage makavu nayo yanakaa motoni saa mbili au zaidi, bibi mwenye kuni chache atayaweka mpaka Februari. Choroko haimalizi saa.

Hasara iko kwenye kupima. Kila kilo ikizidi gramu 20, gunia la sukari la kilo 50 linatoa mafungu 49. Tumieni mizani ya kidijitali, mfuko mtupu uwekwe juu, mrudishe sifuri ndipo mmimine. Apime mtu mmoja mwanzo mwisho, mwingine afunge. Mkibadilishana kila nusu saa, kila mtu ana mkono wake.

Mafuta yanahitaji uvumilivu. Chupa za maji za nusu lita, 108 na za ziada kumi, zioshwe siku mbili kabla na kuachwa zimepinduliwa. Tone la maji likibaki, mafuta yanaruka yakipata moto na yanaweza kumuunguza mpishi. Mkishajaza, ilazeni kila chupa ubavu juu ya gazeti dakika tano. Penye duara la mafuta, badilisha kifuniko. Chupa moja inayovuja inaharibu sukari na mchele wa kikapu kizima.

Mkiongeza sabuni, mfuko wake peke yake. Mchele unanyonya harufu, na wali wa sabuni hauliki hata kwa njaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo mifuko mbadala au viroba safi vya unga.

Mpishi wa Shughuli

Mimi ni mtu wa pilau lakini nawashauri msiipike. Aliye kitandani hafiki tarehe 26, watakaofika ni wenye miguu mizuri. Kama lazima (kwa mfano kuna kituo cha watoto jirani), basi watu 150 ni mchele kilo 20, nyama kilo 18, viazi kilo 8, vitunguu kilo 6, mafuta lita 3, tangawizi na vitunguu saumu nusu kilo kila kimoja, bizari ya pilau gramu 300.

Sufuria mbili za kilo kumi kumi, msilazimishe moja. Wengi hukosea maji. Nyumbani kilo moja inakunywa karibu lita 2, ila sufuria kubwa linapoteza mvuke kidogo, kwa hiyo lita 15 kwa kilo kumi, supu ya nyama ikiwa ndani ya hesabu. Mchele ukiwa wa zamani ongeza lita moja. Maji yakishuka yakalingana na mchele, toa moto chini, bakiza makaa machache, mengine panda nayo juu ya mfuniko, na usikoroge tena. Pilau inayoungua chini na kuwa mbichi juu ni ya mtu aliyeacha moto wote chini akawa anafunuafunua.

Ikishaiva igawiwe ndani ya saa mbili, au ikae kwenye hotipoti zilizofungwa. Kachumbari ikatwe watu wakiwa wameshaanza kuketi.

Mhazini

Hela ya simu inafaa kwa wachache, si kwa wote. Laini nyingi za wazee zimesajiliwa kwa jina la mjukuu, na mjukuu ndiye mwenye namba ya siri. Tarehe 24 wakala hana pesa taslimu. Itumieni kwa wenye hitaji ambalo halimo kwenye kikapu, kama dawa, mtume tarehe 20 pamoja na ya kutolea, na jina linalotokea lisomwe kwa mhusika kabla ya kubonyeza.

Nyama msiibebe. Elewaneni na mwenye bucha, mlipe nusu, kila kaya ipate karatasi yenye namba, uzito na muhuri wa usharika. Ichukuliwe tarehe 23 au asubuhi ya 24, baada ya hapo foleni inamshinda mzee. Andikeni kwenye karatasi "steki na mifupa, nusu kwa nusu", la sivyo wenu ndio watabaki na shingo. Nusu iliyobaki lipeni kwa idadi ya karatasi alizorudisha. Jirani Mwislamu akiwamo, na awemo, muulizeni mwenye bucha nani amechinja.

Katibu wa Diakonia

Mungu awabariki. Pilau tumeiacha, orodha inakaguliwa upya kuanzia Jumamosi. Swali moja: tuna wazee saba wenye kisukari, sukari yao tuiweke nini?

Mama Stoo

Ongezeni choroko nusu kilo na mayai matano. Mayai yabebwe mkononi, yasiingie kwenye kiroba. Kwa wanaoishi nao chumba kimoja, kama wajukuu, sukari iende nusu tu, lakini muulizeni mwenyewe kwanza. Na mimi pia nimesahau kitu kwenye hesabu yangu juu: hakuna chumvi, wala kiberiti. Vitoeni kwenye ile 127,400.