Sentensi ya kwanza imeshamtaja muuaji, niendelee kusoma ya nini?

Kipepe: Wadau wa riwaya za upelelezi, naombeni ushauri. Nimeazima *A Judgement in Stone* ya Ruth Rendell (1977). Hata sijakaa sawa, mwandishi kashamwaga kila kitu: Eunice Parchman aliwaua akina Coverdale kwa sababu hakujua kusoma wala kuandika. Basi! Muuaji huyo, marehemu hao, sababu hiyo. Mimi nimekuzwa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule wa kukuzungusha na kiko chake mpaka kurasa za mwisho ndipo afungue fundo. Huyu mama kalifungua mlangoni. Utamu gani umebaki?

Shangazi Vitabu: Umebaki wote, mwanangu. Endelea kidogo tu utapewa mpaka tarehe: 14 Februari, Siku ya Wapendanao, watu wanne ndani ya dakika 15. Sasa huulizi tena "nani?", unahesabu siku. Bi Coverdale anamwachia mtumishi wake kikaratasi cha maagizo, na wewe tumbo linakukata, maana unajua Eunice anakitazama tu. Kikaratasi cha jikoni! Kwenye riwaya nyingine ungekipita. Tena hiyo "kwa sababu" ni mtego. Wasiojua kusoma wamejaa duniani na hawajaua mtu. Unasoma ujue kwa huyu ilikuwaje.

Mzee wa Feri: Sikatai, lakini mimi kitabu nakipimia mwishoni. *Brighton Rock* ya Graham Greene (1938) inaanza na Hale, ambaye hajamaliza masaa matatu mjini Brighton na tayari anajua kuna watu wanataka kumuua. Mwanzo mzuri, sawa. Mwisho ndio ulionitoa jasho. (Asiyesoma aruke hapa.)

Pinkie, kijana kiongozi wa genge la wauaji, aliingia kwenye kibanda cha kurekodia, akamwekea mkewe Rose sauti yake kwenye sahani ya santuri. Rose anadhani ni maneno ya mapenzi. Sisi tulikuwepo, tulisikia: ni chuki tupu. Pinkie kafa, binti wa watu anakwenda kuisikiliza, na Greene anamwachia njiani, kwenye kijua cha Juni, akiharakia kitisho kibaya kuliko vyote. Nukta. Sahani yenyewe hatuisikii ikipigwa. Filamu ya 1947 ikamhurumia: sahani inakwama kwenye "nakupenda". Waliharibu.

Kipepe: Shangazi, umenishinda, narudi kwa Eunice. Mzee, mimi ningetaka ikwame tu, yule binti kateseka vya kutosha!

Mzee wa Feri: Ikikwama leo, kesho si atasogeza sindano? Soma kwanza ndiyo ubishe.

Kipepe: Nitasoma. Ila cha Rendell, aliyeniazima anakitaka Ijumaa, kwa hiyo ubishi wetu ni wiki ijayo. Na mwenye Greene ya kuazimisha aje inbox.